Mita inasema volti 12.5 ila pampu haivuti maji, nilivyokuja kuelewa

Mi nalima bustani huku bonde la mto Lukuledi, upande wa Mingoyo, Lindi. Mchicha, bamia, nyanya chungu, hivyo hivyo vya kupeleka sokoni asubuhi. Mwaka jana mgongo ukagoma kubeba ndoo nikajichanga nikanunua pampu ya sola, zile ndogo za kuzamisha kisimani, imeandikwa 12V 5A (volti 12, ampea 5, ampea ndo wingi wa umeme unaopita), na betri N70, saizi ya gari, na paneli moja, paneli nikaifunga juu ya bati nyumbani maana ukiiacha shambani usiku asubuhi unakuta mashimo ya nati tu. Kutoka nyumbani hadi kisimani ni mita 30. Nikanunua waya wa 1.5 (unene wa shaba yake kwa milimita za mraba), ule wa kufungia taa majumbani, na hesabu yangu ilikuwa rahisi sana, kama unabeba volti 220 sembuse 12.

Siku ya kuwasha majirani wakaja kuangalia. Pampu ikawa inaguna tu kisimani, maji yanapanda kwenye mpira yakifika juu yanadondoka kama ya birika la kunawia. Nikaona aibu mpaka basi.

Nikamuita fundi. Akachomoa pampu, akashika ncha mbili za waya pale kisimani, mita ikasoma 12.5. Akapanda nyumbani akapima betri, 12.5. Akaniambia braza umeme huu hapa umefika wote, hiyo pampu umepigwa. Nikaamini, kwani ningebisha nini na namba naiona mwenyewe? Nikanunua pampu nyingine, elfu tisini, ikaja ikaguna vile vile, tena sauti ile ile.

Hapo ndo nikaanza ufundi wa mwenyewe. Nikaazima mita nikasema ngoja nipime ampea za betri, nikahamisha waya mwekundu kwenye tundu la 10A, nikagusisha betri chanya na hasi kama ninavyopima volti. Ebwana eeh. Cheche, pah, ncha ya mita ikayeyuka kama mshumaa na harufu ya plastiki ikabaki vidoleni mpaka jioni. Mita ya watu nikalipa. Kwa hiyo kama unasoma hii na una mita mkononi, ampea hazipimwi hivyo, unakata njia ya umeme halafu mita unaiweka katikati ili umeme upite ndani yake kwenda kwenye pampu.

Nikaenda kwa mwalimu aliyenifundisha fizikia sekondari, amestaafu, anakaa jirani na shangazi. Shikamoo mwalimu, marahaba, nikamwaga shida zangu zote na ya mita humo humo. Akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, wakati mnapima, pampu ilikuwa inazunguka au mmeichomoa?" Nikasema tumeichomoa. Akacheka, akainuka akaenda kwenye mpira wake wa kumwagilia, mwembamba halafu mrefu umezunguka nyumba nzima, akafungulia koki, akaniambia ziba mdomo kwa dole gumba. Nikaziba, presha ikasukuma dole kweli kweli. Akasema haya achia, maji yakatoka legelege, hata miche ya pilipili hayafiki. "Sasa ukipima umeziba utasema mpira mzima, maji hayapiti humo, mpira utayazuia vipi?"

Jioni hiyo hiyo tukashuka wote bondeni na mita yake. Pampu ikazamishwa, ikawashwa, ikaguna, tukapima pale pale kwenye viungo huku inaguna: 9.2. Mwanae akakimbia kupima betri muda ule ule, 12.4. Yaani volti 3.2 zimeishia njiani na hakuna mtu ameziiba. Ampea tukapima vizuri safari hii, zikasoma 4.5.

Kisha mwalimu akaandika kwenye mchanga kwa kijiti, volti = ampea × omu (omu ndo kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme). Darasani nilikariri hiyo nikapata na alama, ila sikuwahi kujua kwamba waya wenyewe nao una omu zake. Volti 3.2 gawanya kwa 4.5 unapata kama 0.71. Halafu akaijia kwa upande mwingine, waya wa shaba wa 1.5 una omu kama 12 kwa kila kilomita, wangu mita 30 kwenda, na hapa ndo nilipokwama, mita 30 kurudi pia, kwa sababu umeme unazunguka, sio maji haya unamwaga bamia basi, kwa hiyo ni mita 60. 0.72. Namba mbili zimekutana mchangani kutoka njia mbili tofauti, nikakaa chini kabisa. Akaniambia huyo Ohm mwenyewe, Mjerumani aliyetoa hii kitu mwaka 1827, naye alikuwa anapimapima waya za urefu tofauti, usijione umechelewa.

Na mita niliyoichoma ikajieleza yenyewe. Ile mita ukiiweka kwenye ampea ndani yake omu karibu hakuna, sasa volti 12 ukizigawa kwa kitu kidogo vile ampea zinatoka nyingi kupita kiasi.

Ile hesabu yangu ya sembuse 12 ndo ilikuwa kinyume. Pampu ya wati 60 kwa volti 12 inataka ampea 5, wati 60 hizo hizo kwa 220 hazifiki hata theluthi ya ampea moja, na kinachopotea kwenye waya kinafuata ampea. Ndo maana zile nguzo zinazopita barabarani zinasafirisha kilovolti 33 sio 220. Volti ndogo ndo inataka waya mnene, mi nilidhani volti kubwa ndo inataka.

Dukani waya wa 6 ungenipa upotevu wa chini ya volti moja kwa umbali ule ule, ila bei ya mita 60 nikaisikia nikaaga. Nikaamua kuhamisha betri kisimani ndani ya boksi la mbao, na paneli naishusha asubuhi, nati mbili tu, jioni inalala chumbani na mimi, mke wangu anasema nimeoa wawili. Waya sasa ni mita 4. Pampu ikizunguka inapata 11.9 na maji yanaruka mpaka matuta ya mwisho, hadi ile pampu ya kwanza "feki" nikaijaribu ikavuta freshi tu, kwa hiyo nina mbili.

Ule waya wa mita 30 sikuutupa. Nimeufungia taa ya wati 6 kwenye kibanda cha kuku, nusu ampea, unapoteza kama volti 0.36, na kuku hawajalalamika.