Jumapili ya Mwisho ya Vin Scully

Mwaka 2016 nilikuwa namhudumia mzee mmoja mjini Los Angeles. Kazi hiyo wenzangu wengi walioko Marekani wanaijua: unapika, unaogesha, unatoa dawa kwa saa, na kama mzee ana mapenzi na jambo fulani, utalijua utake usitake. Wangu alikuwa na mapenzi na besiboli, timu yake ni Dodgers, na macho yake yalikuwa yameshapotea kabisa. Besiboli kwake ilibaki kuwa sauti, na sauti yenyewe ni ya mtu mmoja, mtangazaji wa timu hiyo, Vin Scully.

Mimi nilifika pale na masikio ya Dar es Salaam. Nimekulia mpira wa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, enzi za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, wakati ambapo mtangazaji akinyamaza kidogo tu unaipiga redio kofi ukidhani betri zimekwisha. Scully alinisumbua mwanzoni. Hakuwa na haraka. Mchezo wenyewe una ngwe tisa, yaani vipindi ambamo timu hupokezana kupiga, unakwenda saa tatu hivi, na muda mwingi watu wamesimama tu wakimsubiri mrushaji amalize kujikuna. Katika upenyo huo Scully alikuwa anasimulia: mpigaji huyu babu yake alikuwa nani, alilelewa wapi. Mpira ukirushwa anakatiza, anakuambia umekwenda wapi, kisha anarudi kwenye hadithi palepale alipoiacha. Tena peke yake, bila mwenzake wa kupokezana naye. Na hukumsikia hata siku moja akisema “sisi” kwa maana ya Dodgers, ingawa timu ile alikuwa ameitangaza tangu 1950, ilipokuwa bado Brooklyn, naye ana miaka 22. Hilo alifundishwa na mkubwa wake wa kazi, Red Barber, aliyekuwa anaweka mezani kichupa cha mchanga cha kupimia muda wa kuchemsha yai ili asisahau kutaja matokeo. Ningependa baadhi ya watangazaji wetu wa Simba na Yanga wapelekewe kichupa hicho.

Basi ikafika Jumapili, tarehe 25 Septemba, mechi yake ya mwisho nyumbani, Dodger Stadium. Msimu huo ulikuwa wa 67 kwake. Tangu 2014 mechi nyingi zilikuwa zimefungiwa kwenye chaneli ya kulipia, na kwa ugomvi wa bei nyumba nyingi za jiji hazikuipata, yetu ikiwemo. Mzee alikuwa anaambulia ngwe tatu za kwanza kwenye redio, baada ya hapo Scully anabaki kwenye televisheni tu. Lakini mechi za mwisho mwisho KTLA, chaneli ya 5, ilizirusha bure. Mzee alidai anyolewe ndevu asubuhi kana kwamba yeye ndiye anayeagwa.

Wapinzani walikuwa Rockies wa Colorado. Kila mchezaji wa Dodgers alipoingia kupiga kwa mara ya kwanza, aliinua kofia yake ngumu kuelekea juu, kwenye chumba cha watangazaji. Makofi yalikuwa yanalipuka na mzee anauliza, “Kuna nini?” Namweleza. Mpigaji wa pili, kofia. Wa tatu, kofia. Mwisho akawa haulizi tena, anatikisa kichwa tu.

Ngwe ya tisa Rockies wakaongoza 3–2. Dodgers wakabakiwa na nafasi moja ya kupiga kabla mambo hayajaisha, na kijana Corey Seager akautoa mpira nje ya uzio. 3–3. Ikaongezwa ngwe ya kumi. Watu wawili wa Dodgers wakatolewa, akaja Charlie Culberson, ambaye msimu mzima hakuwa amevusha mpira hata mmoja. Akaupiga. Ukapanda kuelekea kushoto, ukavuka ukuta. Nne kwa tatu, na ubingwa wa kundi lao wameuchukua hapohapo, mwaka wa nne mfululizo.

Scully akalisema hilo kwa maneno machache, akanyamaza. Kelele za uwanja zikajaa sebuleni. Nilifungua mdomo nimweleze mzee jinsi wachezaji walivyokuwa wanarukiana, akanyoosha kiganja. Tukasikiliza kelele.

Zilipopungua ndipo mzee akaongea, na akaongea sana. Aliniambia Scully alipokuwa mtoto New York alikuwa anajilaza chini ya redio kubwa ya nyumbani, na kilichomvutia ni kishindo cha watazamaji kuliko mchezo wenyewe. Ndiyo maana Aprili 1974 kule Atlanta, mpigaji Hank Aaron alipovusha uzio mpira wake wa 715 na kuivunja rekodi ya Babe Ruth, Scully aliuacha uwanja upige kelele kwa muda mrefu. Aliporudi, alichozungumzia ni mtu mweusi kushangiliwa huku watu wamesimama, katika jimbo la Kusini. Akanisimulia pia habari za Coliseum, uwanja wa kwanza wa timu ilipohamia Los Angeles 1958, mkubwa mno kwa besiboli. Watu walikuwa wanakwenda na redio za mkononi wasikilize kinachotokea mbele ya macho yao. Mwaka 1960 Scully akawaambia siku ile ni ya kuzaliwa mwamuzi Frank Secory, na uwanja mzima, ukiwa na redio masikioni, ukampigia ukelele wa heri. Mzee aliapa alikuwemo.

Jumapili iliyofuata Scully alitangaza San Francisco, akastaafu. Dodgers walikwenda kwenye mtoano bila yeye. Alishakataa kuongeza hata mechi moja. Nikamwekea mzee redio, kuna mtangazaji mwingine, hodari kabisa kwa sikio langu. Akavumilia ngwe mbili.

“Anaongea mno,” akasema. “Niwekee Kihispania.”

Kihispania chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Lakini upande huo alikuwepo Jaime Jarrín, aliyetoka Ecuador mwaka 1955 bila kujua besiboli ni kitu gani, na ambaye miaka ya mwanzo, timu ikiwa ugenini, alikaa studio akimsikiliza Scully na kuutangaza mchezo upya kwa lugha yake. Mzee akaegemea kiti, akaniambia nimtafsirie. Mimi mtoto wa Ilala, Kihispania chenyewe nimekiokota kwenye basi la Vermont Avenue. Tulikwenda hivyo mpaka Dodgers wakatolewa.