Oili ya Rotax 912 ilikuwa "inapotea": nilivyotatua

Wenzangu mnaounda ndege nyumbani, huenda hii ikawaokolea oili. Ndege yetu ni Zenith CH 701, ile ndege ndogo iliyobuniwa na Chris Heintz, injini yake ni Rotax 912, na tunaiwasha pale Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege nchini Uganda. Kila asubuhi kijiti cha kupimia kilionyesha oili chini ya alama ya chini. Nikaongeza. Baada ya kuunguruma kidogo, oili ikamwagika kwenye bomba la kupumulia la tangi. Nikabadilisha mipira, nikakaza vibana vyote. Wapi!

Kumbe injini hii huweka oili kwenye tangi la pembeni, na ikilala, sehemu ya oili hubaki tumboni mwa injini. Sasa nazima swichi zote mbili za ignisheni, magurudumu nayawekea vizuizi, nafungua kifuniko cha tangi, kisha nazungusha pangaboi kwa mkono, polepole, upande linakozungukia tu. Usirudishe nyuma: hewa itaingia kwenye mfumo wa oili. Kila pangaboi linapokuwa zito kwa mgandamizo wa silinda, nalishikilia hapo kidogo, ili shinikizo lisukume oili itoke tumboni mwa injini irudi kwenye tangi. Endelea mpaka usikie tangi likibwabwaja, bwa-bwa-bwa. Hapo ndipo upime.

Kijiti kilisoma katikati. Tangu siku hiyo sijaongeza hata tone.