Leipzig hawaniulizi ninasali wapi

Juzi baba mdogo ametuma ujumbe wa sauti kutoka Moshi, kwenye grupu la ukoo, mama akisikia. Asiye na dini ni mnyama aliyevaa suruali, anasema, na nikifa nisitegemee mchungaji akanyage kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo tunakozikana. Nimeumia sana.

Ni kweli siamini. Nilibatizwa, nikapata kipaimara Machame, nikaimba kwaya. Imani iliniisha nikiwa bado nyumbani, kwa hiyo wanaodai Wazungu wameniharibu wanakosea. Halafu huku ni Leipzig, Ujerumani, mji uleule ambao wamisionari wake wa Kilutheri walifika Machame mwaka 1893! Leo wakazi wake wengi hawana dini yoyote. Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama, hajabatizwa maishani mwake. Nilipolazwa kitandani na homa wakati wa baridi, aliniletea supu mlangoni na kunijulia hali kila jioni. Ninasali wapi, hakuuliza. Kwetu swali hilo linakuja hata kiti hujavutiwa.

Mnaojiandaa kuja Ujerumani, sikilizeni: ukijiandikisha manispaa utaulizwa dini. Ukisema Mlutheri au Mkatoliki, mshahara utakatwa kodi ya kanisa. Hapa jimbo la Sachsen ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, si ya mshahara wote; Bavaria ni 8. Kama unaamini, lipa kwa moyo mweupe, kanisa ni lako. Kama huamini, usijiandikishe kwa kuogopa maneno ya nyumbani. Kujitoa baadaye, kwa kawaida unakwenda mwenyewe ofisi ya serikali ukasaini.

Baba mdogo, shikamoo. Paa la usharika nilichangia, maana mama anakaa chini yake kila Jumapili. Ada za watoto wa marehemu shangazi unajua zinatoka wapi. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani, na sensa zetu ziliacha kuuliza dini baada ya ile ya 1967. Taifa zima limeweza kuishi bila kunihoji, ukoo unashindwaje?

Babu wa babu yangu alizikwa kwenye migomba ileile kabla mmisionari yeyote hajapanda mlimani, na mnamtaja kwa heshima. Nami nizikeni hapo. Mchungaji akikataa, mjomba ataongea, vijana watafukia.

Desemba nakuja. Tutayazungumza mbele ya wazee, si kwenye grupu.