Gramu 121.6 za Mavumbi, Gramu 122 za Pumzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni mstari mmoja, Mwanzo 2:7: "Bwana Mungu akamfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia puani pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai."

Mstari huu unataja vitu viwili, mavumbi na pumzi, na kwa miaka mingi nilikuwa navipita vyote viwili kwa haraka ili niwahi kufika bustanini Edeni. Kilichonirudisha nyuma ni habari mbili za mwezi mmoja, Septemba 2023, ambazo sijui kama kuna mtu aliyekusudia zikutane, lakini katika moyo wangu zilikutana na hazijaachana mpaka leo.

Habari ya kwanza ni ya mavumbi. Tarehe 24 mwezi huo, kapsuli ya chombo cha anga kiitwacho OSIRIS-REx, cha shirika la anga la Marekani, NASA, ilishuka kwa parachuti katika jangwa la Utah, ikiwa imebeba mchanga na vumbi vilivyochotwa mwaka 2020 kutoka Bennu, mwamba unaolizunguka jua kama sayari zinavyolizunguka, wenye upana wa takriban mita 500. Safari ya kwenda na kurudi ilichukua miaka 7. Mzigo ulipopimwa, ulikuwa gramu 121.6, kiasi kisichojaza hata kikombe cha chai. Januari 2025 wanasayansi walitangaza walichokikuta ndani yake: asidi amino 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe hai hutumia kujengea protini, pamoja na viambato vyote vitano ambavyo miili yetu hutumia kuandikia habari za urithi. Walikuta pia chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, na mojawapo ya chumvi hizo ni magadi.

Naomba tusimame kidogo hapo kwenye magadi, maana hiki si kitu kigeni kwetu. Ni jamii ileile ya chumvi inayoganda kando ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Mama yangu alikuwa akivunja kipande chake kwa mchi, anakitia katika kikombe cha bati, anamimina maji ya moto, kisha anangoja uchafu utuame chini. Maji ya juu ndiyo aliyoyatia kwenye sufuria ya makande, nayo makande yalipanda povu na kulainika, na sisi watoto tukijua kwamba chakula hakiko mbali. Kwa hiyo niliposoma kwamba magadi yamekutwa katika vumbi la mwamba ambao haujawahi kukanyagwa na mtu, niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba Muumba alitumia udongo wa hapa tu. Kumbe udongo wa aina hiyo aliutawanya mbali kuliko macho yetu yanavyoweza kufika.

Wapo ndugu waliofadhaishwa na habari hii, wakidhani kwamba ikiwa vijenzi vya uhai vinapatikana angani, basi Mungu amepunguziwa kazi. Sioni sababu ya hofu hiyo. Tangu mwaka 1953 inajulikana kwamba vijenzi hivi vinaweza kujiunda. Mwaka huo Stanley Miller, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipitisha cheche za umeme katika chupa yenye mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni, akapata asidi amino ndani ya siku chache. Lakini kutoka kwenye vijenzi mpaka kwenye kiumbe kinachokula, kinachokua na kuzaa, kuna safari ambayo hakuna maabara iliyoikamilisha. Hata vumbi la Bennu linaonyesha umbali huo: asidi amino huja katika maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na protini za viumbe hai duniani hujengwa kwa lile la kushoto, ilhali katika vumbi lile maumbo yote mawili yamekutwa kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Vifaa vya ujenzi vipo, nyumba haipo.

Hata hivyo, sipendi tuligeuze jambo hilo kuwa hoja ya kuwashinda wanasayansi. Imani inayosimama mahali walipokwama wao itahama kila wanapopiga hatua, na nimewaona vijana wetu wakiumizwa na imani ya namna hiyo walipofika chuoni. Mwanzo 2:7 hausemi kwamba Mungu anafanya kazi pale tu tusipoelewa. Unasema kwamba mavumbi ni yake na pumzi ni yake.

Habari ya pili inahusu hiyo pumzi. Mwezi uleule wa Septemba 2023, NASA ilitangaza kwamba kifaa kidogo kilichowekwa ndani ya kigari Perseverance, kinachotembea juu ya sayari ya Mirihi, kimemaliza jaribio lake la kutengeneza oksijeni. Hewa ya Mirihi karibu yote ni kaboni dioksidi. Kifaa hicho kiliivuta, kikaipasha moto hadi nyuzi 800 hivi, na kuitenga oksijeni kwa nguvu ya umeme. Kiliwashwa mara 16 katika muda wa zaidi ya miaka miwili, na jumla ya oksijeni kiliyoitoa ni gramu 122. Nilipousoma mzani huo niliyakumbuka yale mavumbi. Mtu mzima huhitaji takriban gramu 840 kwa siku, kwa hiyo kazi yote ile, ambayo kwa kweli ni ya kustaajabisha na ninaiheshimu, ingemtosha mtu mmoja kwa muda usiofika saa nne.

Safari ya kwenda Mirihi inakadiriwa kuchukua miezi 6 hadi 9, kwenda tu. Njiani kuna mionzi, na mifupa inayobeba uzito wa mwili hupungua uimara kwa takriban asilimia 1 kila mwezi ikiwa mtu hafanyi mazoezi. Lakini mimi hurudi kwenye hewa, kwa sababu ya kilichotokea Aprili 1970 katika safari ya Apollo 13. Tangi la oksijeni lilipasuka wakiwa njiani kwenda Mwezini, na James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise wakahamia katika chombo kidogo kilichoandaliwa kwa watu wawili kwa siku mbili, wakakaa humo watatu kwa karibu siku nne. Oksijeni ilikuwapo. Kilichoanza kuwaua polepole ni hewa waliyoitoa wenyewe puani, kwani vichujio vya chombo hicho vilikuwa vinaelemewa, na vya akiba, kutoka chombo kikubwa, vilikuwa vya mraba wakati matundu yalikuwa ya duara. Mafundi waliokuwa Houston walikusanya vitu vilevile ambavyo wanaanga walikuwa navyo, mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mipira ya mavazi na utepe wa gundi, wakabuni namna ya kuviunganisha, kisha wakawasomea maelekezo kwa redio, hatua kwa hatua. Kiwango cha hewa chafu kikashuka, na tarehe 17 wote watatu walirudi salama. Huku duniani kazi hiyohiyo ya kutusafishia hewa hufanywa na miti, nyasi na mwani wa baharini, nasi tumelala.

Mwaka 2021 baba yangu aliugua mapafu. Kando ya kitanda chake palisimama mtungi wa oksijeni uliopakwa rangi nyeusi, wenye saa ndogo juu yake, na hewa ilipita kwanza katika chupa ya maji ikitoa mapovu kabla ya kufika puani pake. Usiku nilikuwa nautazama mshale wa saa ile kuliko nilivyomtazama yeye. Jioni moja aliniomba nimsomee Zaburi ya 104, ambayo aliipenda tangu ujana wake. Nilisoma vizuri mpaka mstari wa 29, "Waiondoa pumzi yao, wanakufa, na kuyarudia mavumbi yao," sauti ikakatika, nikafungua ukurasa wa mbele ili niseme tumemaliza. Baba hakuwa na nguvu ya kusema sentensi nzima. Aliweka kidole juu ya Biblia, akavuta hewa, akasema, "Soma unaofuata."

Nikasoma: "Waipeleka roho yako, wanaumbwa, nawe waufanya upya uso wa nchi."

Akasema, "Tena."