Mama hakuganda leo

Miezi mitatu tangu nihamie Ilazo, Dodoma, naishi kwa bando. Mwanangu akifungua masomo mawili ya video, limekata.

Kuvuta faiba, intaneti ya waya, peke yangu? Siwezi.

Jana jirani wa juu akagonga: "Dada, tuchange. Wapangaji wanne, laini moja, sh. 15,000 kila mtu." Mwenye nyumba karidhia.

Leo fundi katoboa ukuta, akapitisha waya mwembamba kama kamba ya kiatu. "Msiukunje, mama. Ndani ni kioo, kinapitisha mwanga."

Taa ya kijani ikawaka.

Nikampigia mama Mpwapwa kwa video. Hakuganda! Nimeona hadi maganda ya karanga mapajani mwake. Machozi yakanilenga.

Wa Kisasa na Nzuguni, ninyi mnalipa ngapi kwa mwezi?