Njia panda ya zamani: nimefika kwenye taa ya njano

Haya wadau, mradi unasonga. Kwa wanaoingia leo, natengeneza njia panda ya mjini huko Marekani, ya miaka ya 1914 mpaka 1923, juu ya ubao, magari ya waya na bati, taa zinawaka kweli, kipimo moja kwa ishirini. Karakana ni kibaraza cha nyumbani hapa Chang'ombe, Dodoma, kwahiyo jioni kila kitu kinafunikwa kanga, vumbi la huku mnalijua wenyewe.

Gari la kwanza limeisha, Ford Model T. Haya yalianza kutengenezwa 1908 mpaka 1927, yakatoka zaidi ya milioni 15. Ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni kama sentimita 254, kwangu imekuwa 12.7. Magurudumu ndo yamekula muda, tairi la kweli kipenyo chake ni kama sentimita 76 kwahiyo nilitaka kitu cha 3.8, nikapata vifuniko vya chupa za maziwa, nikatoboa katikati nikabakiza ukingo, alafu kila gurudumu spoku 12 za njiti za meno maana yale ya kweli yalikuwa ya mbao. Njiti naikata kwa wembe, ncha moja naichonga iingie kwenye tundu la shanga pale katikati, tone la gundi, unashikilia mpaka ikauke, unaenda inayofuata. Rangi nyeusi tu, kuanzia 1914 mpaka 1925 kiwandani hakukuwa na nyingine.

Pembeni nimeweka nguzo ya kuongozea vyombo barabarani ya London ya 1868, ile ya taa ya gesi yenye mikono inayopanda na kushuka, iliyolipuka mwanzoni mwa 1869 ikamjeruhi polisi aliyekuwa anaiendesha. Babu mmoja jirani yetu, mstaafu wa reli, alipouona ule mkono akacheka, "Mjukuu wangu, hii si ndo ya stesheni hii?" Nikamwambia ndiyo babu, aliyeibuni, John Peake Knight, alikuwa mtu wa reli.

Njia panda yenyewe ni ya Cleveland, kona ya Euclid Avenue na East 105th Street, ambako mfumo wa taa za barabarani wa James Hoge uliwashwa tarehe 5 Agosti 1914. Nyekundu na kijani tu, polisi kakaa kwenye kibanda anabadilisha kwa swichi, buza inalia kuwaambia watu rangi inageuka, na gari la zimamoto likija anaweza kuzifanya pande zote nyekundu. Yangu inafanya hayo yote, buza nimeitoa kwenye saa mbovu ya mezani.

Tukaanza kujaribu, mpwa wangu anavuta gari kwa uzi upande wake na mi upande wangu, nikapiga swichi gari lake likiwa limeshaingia nusu. Akasimama. "Anko, hili lishapita mstari, sasa linafanyaje?"

Hilo ndo swali lenyewe jamani! Model T pedali yake ya breki haibani magurudumu, inabana utepe ndani ya giaboksi, magurudumu ya mbele hayana breki kabisa, na mafuta unapunguza kwa kijiti kwenye usukani. Chombo kama hicho ukikiambia simama sasa hivi hakisimami sasa hivi, buza ilie isilie, na hapo katikati kuna tramu, kuna farasi, kuna mama anavuka na mtoto. Kwangu mi taa ya njano ndo ugunduzi mkubwa kuliko zile mbili nyingine, inampa dereva muda. Polisi wa Detroit, William Potts, aliweka rangi zote tatu mwaka 1920. Alafu Garrett Morgan, mkazi wa hapohapo Cleveland, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, fundi wa kutengeneza cherehani, akapata hataza (haki ya ubunifu wake) Novemba 1923 ya nguzo ya mikono yenye hatua ya tatu: pande zote zinasimamishwa kwanza, waliomo ndani watoke, wa miguu wavuke. Yake haikuhitaji umeme, unazungusha mpini tu, na mi naipenda zaidi ya zote kwasababu alimkumbuka anayetembea.

Kwahiyo sasa hivi najenga kigeuzi cha rangi tatu. Ni rola ya mbao yenye vipande vya bati la kopo, nikizungusha vinagusa waya mmoja mmoja, kipande cha kijani kirefu, cha njano kifupi, na upande wa pili unabaki mwekundu mpaka njano ya huku iishe kabisa. Urefu wa kile cha njano bado naupima na mpwa wangu, anavuta gari, mi nahesabu.

Baada ya hapo ni mikono ya Morgan. Natafuta mota ndogo mbili, zile za kwenye deki za CD zilizokufa. Mwenye nazo hapa mjini aseme bei, nazifuata mwenyewe hata kama ni Kizota au Nkuhungu.