Mwezi, jua na bamvua ya Jambiani

Tangu juzi nimeshikwa na jambo moja: jua huivuta dunia kwa nguvu inayokaribia mara 180 ya ile ya mwezi, na bado bahari inaufuata mwezi. Sikupata usingizi mpaka nilielewe.

Newton alishaeleza mwaka 1687 kwamba kila kitu chenye uzito huvuta kingine, na umbali ukiwa maradufu mvuto hubaki robo. Siri ya maji kujaa na kupwa imo kwenye hiyo robo. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi, karibu kiasi kwamba upande wa dunia unaouelekea huvutwa zaidi kuliko kitovu chake, na upande wa nyuma huvutwa kwa nguvu pungufu kuliko kitovu. Maji yanatuna pande zote mbili, ndiyo maana yanajaa mara mbili kwa siku. Jua liko kilomita milioni 150. Kwa umbali huo, unene wa dunia nzima si kitu. Mvuto ni mkubwa, lakini tofauti kati ya upande na upande ni ndogo. Kwa hiyo jua linaisogeza bahari chini kidogo ya nusu ya vile unavyoisogeza mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili husaidiana. Hiyo ndiyo bamvua, maji kujaa sana na kupwa sana.

Mama mdogo hahitaji hesabu hizi. Ukimuuliza maji yatatoka saa ngapi, naye anauliza, "Leo mwezi ngapi?" Leo kumi na sita ya mwezi mwandamo, basi saa nne asubuhi tulikuwa shambani kwenye mwani, maji chini ya magoti, yeye amekaa kabisa majini akifunga vipande vya mwani kwenye kamba, kidole gumba kimekauka kwa chumvi. Kilimo hiki kilianza huku kwetu Jambiani na kijiji cha Paje, Zanzibar, mwaka 1989, na siku zake za kazi zinapangwa na anga. Maji mafu yakiingia, bahari haitoki vya kutosha, na wanawake wanabaki pwani wakianika.

Ninavyoona mimi, jambo zito kuliko yote ni kwamba bahari nayo inauvuta mwezi. Dunia inazunguka haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, hivyo mlima wa maji hutangulia kidogo mbele yake, ukauvuta mbele, na mwezi ukazidi kwenda mbali: sentimita 3.8 kila mwaka. Wamepima kwa leza, wakitumia vioo vilivyoachwa huko kuanzia safari ya Apollo 11 mwaka 1969. Na dunia yenyewe inapunguza mwendo, siku zinarefuka.

Kesho nitamwambia mama mdogo. Najua atauliza kama bamvua zitapungua. Zitapungua, lakini kwa mamilioni ya miaka.